Baridi ya Mgongoni

Leo nataka tuwazungumzie watu wanaoziacha nyumba zenye joto, kwa hiari yao na akili zao timamu, wakaenda kulala porini usiku wa Januari, theluji imefika magotini, ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye miti miwili. Naam, machela. Ile ile unayoiona kwenye matangazo ya hoteli za pwani, kati ya minazi, kando yake dafu lenye mrija. Wenzetu hawa wameitoa kwenye minazi wakaipeleka kwenye misonobari, na wengi wao hawana vifaa vya maana: turubai, mablanketi ya mtumba, kipande cha foamu, na sufuria moja iliyoungua kitako.

Nikisema porini, nina pori maalumu kichwani. Ni hifadhi ya Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, pale nchi hiyo inapopakana na Kanada. Ni nchi ya maziwa. Ndani ya hifadhi peke yake yamo zaidi ya 1,000. Wakati wa joto watu huenda huko na mitumbwi, na kati ya Mei na Septemba vibali vya kulala ni vya kugombaniwa. Ikifika Januari mambo hubadilika kabisa. Maziwa yameganda, mtu anatembea juu yake akikokota mizigo kwa sleji. Dubu wamelala. Mbu, ambao huko ni wakali kuliko hata wa kwetu, hakuna hata mmoja. Na kibali unajiandikia mwenyewe, bila malipo.

Kuhusu baridi yenyewe, tusidanganyane. Katika mji mdogo wa Tower, karibu na hifadhi hiyo, tarehe 2 Februari 1996 kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 51 chini ya sifuri, na hiyo ndiyo rekodi ya jimbo zima. Siku kama hiyo haiji kila mwaka. Lakini usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri si habari ya kuandikwa gazetini kule. Ni Jumanne tu.

Wako Waafrika Mashariki wengi Minnesota. Vitongoji vya Minneapolis kama Brooklyn Park vina Wakenya wa kutosha kujaza makanisa na kumbi za harusi. Waulize wengi wao kuhusu kulala nje kwenye theluji na utapata jibu ambalo siwezi kulirudia lote hewani. Kiini chake ni kwamba mtu hakupanda ndege masaa yote yale, akahangaikia karatasi miaka yote ile, ili hatimaye akalale juu ya mti kama tumbili. Nawaelewa. Hata hivyo naona wanapitwa na kitu, na kitu chenyewe si ushujaa. Ni elimu ya joto: linatoka wapi, linakwenda wapi, na kwa nini mtu mwenye blanketi tatu anaweza kutetemeka huku mwenzake mwenye moja anakoroma.

Tuanze na machela yenyewe. Ni uvumbuzi wa watu wa Karibea na Amerika ya Kusini. Columbus na mabaharia wake waliikuta huko mwaka 1492. Sasa fikiria ni tatizo gani wale watu walikuwa wanalitatua. Joto, unyevu wa ardhi, wadudu na nyoka. Walitaka kitanda kinachopitisha upepo pande zote. Kwa hiyo unapoibeba machela kuipeleka kwenye theluji, umebeba chombo kilichobuniwa makusudi kumpoza binadamu. Ukijilaza humo bila maandalizi, uko kama nguo iliyoanikwa: upepo unakupitia huku na huku, juu na chini, na hauchoki.

Hapa ndipo wageni wa mchezo huu wanapoumia. Mtu anakwenda dukani ananunua mfuko wa kulalia wa bei ya kutisha, ulioandikwa kwamba unahimili nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Saa saba ya usiku anaamka, kifua kina joto, magoti yana joto, mgongo na makalio yameganda. Anaanza kulilaumu duka. Duka halina kosa. Mfuko wa kulalia haupashi mtu joto. Hauna moto ndani yake. Unachofanya ni kuishika hewa isitembee, kwa manyoya ya bata au nyuzi za plastiki zilizojaa nafasi ndogondogo. Hewa iliyotulia hupitisha joto kwa shida sana, na hicho ndicho kinachotuokoa. Ukiulalia ule mfuko, uzito wako unayabana manyoya, hewa inatoka, na upande wa chini unabaki kitambaa kitupu. Kitandani godoro lingekusaidia. Kwenye machela, chini yako pana upepo wa Kanada.

Na usidhani ni jambo la theluji tu. Waliozoea machela watakwambia kwamba mgongo huanza kulalamika hata usiku wa nyuzi 20 juu ya sifuri, hali ambayo Mombasa tungeiita baraka. Theluji haileti tatizo jipya. Inaliongezea sauti lile la zamani.

Kwa hiyo swali la vifaa linageuka. Badala ya kuuliza nijifunike nini, uliza nitandike nini. Wenye fedha wana jibu lao: blanketi la manyoya ya bata lililoshonwa maalumu, linaloning'inizwa kwa nje, chini ya machela, lisibanwe na uzito wa mtu. Ni kitu kizuri mno na bei yake inamfaa mwenye mshahara wa daktari. Asiye na fedha ana foamu. Si ile laini ya godoro la kitandani, inayobonyea na kunywa maji. Ni ile ngumu ya mikeka ya mazoezi, ambayo kila kitundu cha hewa kimefungwa peke yake. Uilalie usiku kucha, haibonyei; ilowe, unaipangusa. Weka mbili, moja juu ya nyingine, na usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri unalalika.

Ina ukaidi wake, lazima niseme. Foamu inateleza. Unageuka usingizini, nayo inabaki ulikokuwa. Ndiyo maana wajanja hununua au kushona machela ya kitambaa cha tabaka mbili, wakaisukumia foamu katikati ya tabaka, ikatulia humo. Halafu kuna mabega. Machela humkumbatia mtu, kingo zake zinapanda ubavuni, na mkeka wa upana wa kawaida haufiki huko. Dawa yake ni kukata kipande kingine na kukilaza kwa upana usawa wa mabega, mkeka ukawa na umbo la msalaba. Kuna hata wanaotumia ile kinga ya jua inayowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari, ya viputo vya plastiki na karatasi ya kung'aa. Nilicheka nilipoiona mara ya kwanza. Lakini viputo ni hewa iliyofungwa, kinga yenyewe ni pana na nyepesi kukunja, na mwenye gari tayari anayo.

Njia nyingine ya kimaskini ni kuchukua blanketi la kawaida na kulining'iniza chini ya machela kwa mpira wa kufungia mizigo ya baiskeli. Wamarekani wengi hutumia lile shuka jepesi la nailoni lililojazwa nyuzi, ambalo jeshi lao lilianza kugawa wakati wa vita vya Vietnam, na ambalo leo linauzwa kwenye maduka ya mitumba ya kijeshi. Kazi yote iko kwenye kukaza. Ukikaza sana, umelibana na hewa imetoka. Ukilegeza, panabaki mwanya kati ya blanketi na machela, upepo unapita humo na blanketi linakuwa pambo. Linatakiwa liguse bila kusukuma. Nimemwona mtu mzima akifungua na kufunga mpira ule ule hadi chai yake ikapoa kikombeni, na nadhani alifanya jambo la busara.

Kabla ya foamu kulikuwa na matawi. Waojibwe, wenyeji wa nchi ile ya maziwa, walipitisha majira ya baridi katika nyumba za fito zilizofunikwa magome ya miti, na chini walitandika matawi laini ya misonobari, juu yake mikeka na ngozi. Walijua kitambo kwamba baridi ya chini ndiyo adui. Leo ndani ya hifadhi huruhusiwi kukata mti mbichi, na ni haki, kwa sababu kila mgeni akijikatia godoro lake miti haitabaki. Majani makavu nayo husifiwa sana vitabuni. Oktoba ni kweli. Januari majani yako chini ya theluji, yamelowa na kuganda, na ambaye hakuyaweka guniani mapema asiyahesabu.

Kufunga machela kuna hesabu yake, nitaigusa kidogo. Watu hupenda kuivuta ikanyooka, wakidhani ndiyo kulala vizuri. Matokeo ni kwamba wanakunjika mgongo, na kamba zinabeba mzigo wa ajabu. Mtu wa kilo 80 akifunga mikanda yake kwa mteremko wa nyuzi 30, kila mkanda unavutwa kwa nguvu ya kilo 80. Akiinyoosha hadi mteremko wa nyuzi 10, kila mkanda unavutwa kwa zaidi ya kilo 200. Kwa hiyo iache ibonyee, kisha ujilaze mshazari, kichwa upande huu na miguu upande ule. Mgongo utanyooka wenyewe. Tumia mikanda mipana, ile ya kufungia mizigo, isikate gome la mti. Na kabla ya yote inua kichwa utazame juu. Tawi lililokufa, au lililolemewa na theluji, halitoi taarifa kabla ya kuanguka.

Faida ya machela kule naiona hapa. Ardhi ya Boundary Waters ni mwamba na mizizi, juu yake theluji isiyojulikana imeficha nini. Mwenye hema lazima aikanyage theluji ikakaza, asubiri, asawazishe, na bado kigingi hakishiki. Mwenye machela anatafuta miti miwili. Turubai tu ndilo linalomtaka akili kidogo: badala ya vigingi anafunga kamba kwenye vijiti, anavilaza kwenye theluji, anavifukia na kukanyaga. Baada ya nusu saa hivi theluji iliyokanyagwa imeshikamana, na kijiti hakitoki mpaka kichimbwe. Turubai lifungwe kwa mwinuko mkali, theluji iporomoke. La upana wa mita tatu kwa tatu, likibeba sentimita 20 za theluji hata ile kavu kabisa, lina karibu kilo 100 juu yake, na wewe uko chini yake. Pembeni, sukumia theluji kwenye kingo hadi zizibe. Theluji mpya ni hewa kwa sehemu kubwa. Inazuia baridi vizuri kuliko ukuta wa mabati.

Sasa maji. Utafikiri aliyezungukwa na theluji ana maji ya kumwaga. Kumbe kuyeyusha kilo moja ya barafu, hata ikiwa imeshafika nyuzi sifuri, kunakula joto sawasawa na kuyapasha maji yake hayo kutoka sifuri hadi nyuzi 80. Karibu uchemshe chai kabla hujapata hata maji ya chai. Ukiijaza sufuria theluji kavu na kuiweka motoni, kitako kinaungua huku juu bado ni theluji, na maji yanakuwa na ladha ya moshi. Tia maji kidogo kwanza, ndipo uongeze theluji polepole. Kule ziwani kuna njia bora: toboa barafu uchote. Ila uwe mwangalifu unapotembea. Theluji nzito huikandamiza barafu, maji yanapanda kupitia nyufa na kujificha chini ya theluji, hayagandi kwa sababu theluji yenyewe imeyafunika. Unakanyaga palipo peupe na pakavu, mguu unatoka umelowa, na nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri.

Majiko madogo ya gesi yanayosifiwa wakati wa joto hapo ndipo yanaponyamaza. Gesi ya butani huacha kugeuka mvuke inapopoa chini ya nusu nyuzi chini ya sifuri. Unautikisa mtungi, unasikia umejaa, na moto hauwaki. Utawakuta watu wameukumbatia mtungi kwapani kama mtoto mgonjwa. Mwenye vifaa duni huwasha kuni za mti mkavu uliosimama, juu ya magogo yaliyopangwa, kwa kuwa moto uliowashwa juu ya theluji hujichimbia shimo na kuzama humo. Wengine hutumia jiko la spiriti lililotengenezwa kwa kopo la soda. Ni la polepole, na baridi ikizidi spiriti nayo inataka kubembelezwa ndipo ishike. Walau halina cha kuharibika.

Kuna jambo ambalo mtu wa nchi ya joto halitegemei: jasho. Anavaa makoti matatu, anakokota sleji, anafika kambini ameloa kwa ndani. Jua likizama, jasho lile linamgandia mwilini. Wazoefu hutembea wakiwa na ubaridi kidogo, koti likiwa mkononi, na wanalivaa pale wanaposimama. Pamba hawaitaki, ikilowa imekufa. Sufu ikilowa bado ina joto kidogo, na sweta ya sufu ya mtumba inafanya kazi sawa na ya dukani. Hata pumzi ni maji. Ukizamisha uso ndani ya mfuko wa kulalia, kufikia alfajiri umeumwagia unyevu wa usiku mzima. Uso ubaki nje, kichwa kiwe na kofia, na jalidi ikiota kwenye masharubu, iache iote.

Kabla ya kulala kula mafuta: karanga, siagi, nyama yenye shahamu, mwili upate cha kuchoma. Jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, iweke kati ya mapaja, inakopita mishipa mikubwa ya damu. Chupa ya maji ya kunywa igeuzwe juu chini, kwani barafu huanzia juu, na asubuhi mdomo wa chupa utakuwa wazi. Pombe iache. Inafungua mishipa ya ngozi, unajisikia una joto, kumbe ndiyo kwanza unalitoa nje. Na nawaomba, hasa mliolelewa na jiko la mkaa, msithubutu kuliingiza kwenye turubai lililozibwa. Hewa yake inaua Minnesota kama inavyoua Limuru.

Nimewasifu wenye vifaa vya bei nafuu, sasa niwaseme. Urahisi wao una mwisho. Mablanketi ya sufu ni mazito na yanajaza sleji. Foamu na mtumba vinamfaa mtu katika nyuzi chache chini ya sifuri. Kufika 20 au 25, anayevitegemea peke yake anacheza kamari, na kinachowekwa mezani ni vidole vyake. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu anaanza kujikwaa, maneno yanamkwama, vifungo vinamshinda, na mbaya zaidi, yeye mwenyewe hajui. Wengine mwishoni huvua nguo wakidai wanaungua. Hii ndiyo sababu watu wa Minnesota hujaribu kwanza uwani, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na hawaoni haya kurudi ndani saa nane ya usiku. Isitoshe, katika Minneapolis hiyo hiyo wako watu wanaolala nje kwa sababu hawana mlango wa kurudia. Ninaposikia mtu akiuita usiku wake wa machela mateso, huwa natamani angetafuta neno jingine.

Mtaniuliza, je, kwetu inawezekana? Kilimanjaro tuna theluji, na miti tunayo. Tatizo ni kwamba havikutani. Msitu unaishia karibu na mita 3,000, theluji ya kukaa iko juu sana ya hapo, na katikati ni vichaka, mawe na ile mimea mikubwa ya ajabu, Dendrosenecio, inayosimama kama walinzi wa mlima. Usifunge machela yako hapo. Ni ya kuheshimiwa. Lakini itazame vizuri ukipita. Majani yake yakifa hayaanguki. Yanabaki yameuzunguka mti, tabaka juu ya tabaka, yameshika hewa, na usiku barafu inapotanda mti haugandi ndani. Haukununua chochote.

Theluji hatutaipata, basi, ila baridi ya mgongoni ipo tele. Makete na uwanda wa Kitulo hupata sakitu mwezi wa Juni na Julai. Nyandarua nako viazi huungua kwa baridi. Lushoto usiku mtu anatafuta blanketi la pili. Mwenye machela katika sehemu hizo na asihangaike na mfuko wa kulalia kwanza. Anunue mkeka wa mazoezi, ule wa foamu ngumu, wa unene wa sentimita moja au zaidi. Akate kipande cha mabega kutoka kwenye mkeka wa pili. Afunge turubai upande unakotoka upepo. Blanketi alilonalo nyumbani litatosha kwa juu.